Kariakoo: anayehama ni nani hasa?

Ukizungumzia Kariakoo, eneo la biashara katikati ya jiji, na watu wa Dar es Salaam, kauli ya kwanza utakayosikia ni kwamba wageni wenye pesa wamewafukuza wenyeji. Inauma, lakini haielezi kilichotokea. Kariakoo ilijazwa na wageni tangu mwanzo: Wamanyema kutoka Kongo, Wanyamwezi, Wazaramo waliosogea kutoka vijijini. Kilichobadilika ni thamani ya kiwanja. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, ardhi ikawa ghali kuliko nyumba iliyosimama juu yake. Mzee akifariki, warithi ni wengi na nyumba ni moja. Dalali anabisha hodi, mirathi inagawanywa, nyumba inauzwa, na ghorofa linapanda mahali pake.

Dhana ya pili ndiyo inayonikera zaidi: kwamba aliyepoteza ni mwenye nyumba. Yeye, au wanawe, angalau wameondoka na fedha, au wamekubaliana na mjenzi wagawane sakafu. Nyumba ya Kiswahili ina korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani wenye jiko na choo cha wote. Kila mlango una familia yake. Hati ina jina moja, na ndilo linalolipwa. Mama aliyekuwa akikaanga vitumbua barazani kila alfajiri hapewi chochote zaidi ya notisi. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, hivyo hana pa kushika. Atapata chumba pembezoni mwa jiji, Mbagala au Chanika, atadaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na wateja wake watabaki Kariakoo.

Wengine husema ghorofa zikiongezeka kodi itashuka. Ingewezekana kama zingekuwa za kuishi. Kariakoo, sakafu za chini ni fremu za maduka, zinazofuata mara nyingi ni stoo za mizigo, na nyumba zinazobaki juu si za kipato cha muuza vitumbua.

Tena si kweli kwamba mkazi akishapisha ujenzi harudi tena. Magomeni Kota nyumba za zamani zilibomolewa, maghorofa yakajengwa, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akayazindua kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikiishi pale. Zilisubiri takriban miaka kumi, na hiyo ni miaka mingi mno kwa mtu anayelipa kodi kwingine. Lakini zilikuwa na haki ya kurudi kwa sababu eneo lilikuwa la serikali na kaya zilihesabiwa, wapangaji kwa majina yao. Kwenye kiwanja cha mtu binafsi hesabu hiyo haifanyiki. Mjumbe wa mtaa anawajua wapangaji wote, mlango kwa mlango, lakini siku ya kuuziana anaitwa kushuhudia saini ya mwenye hati tu.