Je, wajua kwa nini mwalimu akichoka darasa zima linachoka?

Mwaka 2016 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha British Columbia kule Kanada, Eva Oberle na Kimberly Schonert-Reichl, walitoa matokeo ambayo mi naona kila mtu anayeendesha shule angetakiwa ayajue. Walichukua mate ya wanafunzi zaidi ya 400 wa shule za msingi, mara tatu, saa tatu asubuhi, saa tano na nusu na saa nane mchana, wakapima kotisoli, ile homoni ambayo mwili unaitoa mtu akiwa kwenye presha. Alafu wakawauliza walimu wa madarasa yale, walikuwa 17, kwamba kazi imewachosha kiasi gani. Walipoweka hivi vitu viwili pamoja wakakuta kwamba pale ambapo mwalimu kachoka zaidi, watoto wake wana kotisoli ya juu zaidi asubuhi. Yaani uchovu wa mwalimu unaonekana mpaka kwenye mate ya mtoto.

Kotisoli yenyewe sio sumu, tuelewane. Inatengenezwa na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, inapanda mtu anapoamka ili mwili uchangamke, afu inashuka taratibu mpaka usiku. Shida inakuja ikikaa juu siku baada ya siku, hapo usingizi unavurugika, umakini unapungua, kukumbuka kitu ulichofundishwa jana kunakuwa kazi. Na mtoto ambaye hatulii na hakumbuki ndo huyo huyo tunayemwita mzembe.

Utafiti wa namna hii hausemi nani kaanza, mwalimu au darasa. Inawezekana mwalimu anawapa watoto presha, inawezekana darasa gumu ndo linamchosha mwalimu, na mi naamini vyote vinaenda pamoja. Wamarekani wawili, Patricia Jennings na Mark Greenberg, waliuelezea huu mzunguko vizuri mwaka 2009: mwalimu aliyeishiwa nguvu anashindwa kulituliza darasa, darasa likichafuka yeye anaishiwa zaidi, anaanza kutegemea ukali na adhabu, watoto nao wengine wananyamaza kwa woga wengine wanazidi kumjaribu, na hali inazidi kuharibika wiki hadi wiki bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Sasa hiyo presha inapitaje kutoka kwa mtu mzima kwenda kwa mtoto? Njia ya kwanza ni uso na sauti. Binadamu tunaigana bila kujua, mtu akikunja uso mbele yako na misuli ya uso wako inaanza kujikunja kidogo, na watoto wanamsoma mtu mzima kuliko tunavyodhani, mwalimu akiingia tu mlangoni wanajua leo ni siku gani kabla hajasema hata habari za asubuhi.

Njia ya pili ndo kubwa zaidi, nayo ni kwamba ufundishaji wenyewe unabadilika. Chukua kipindi cha mwisho cha siku. Mwalimu anauliza swali, mtoto wa dawati la nyuma ananyoosha kidole nusunusu, kiwiko bado kiko mezani, anaonekana anafikiria. Mwalimu aliyepumzika atamwangalia, atamsubiri, pengine atamwambia "endelea, jaribu". Mwalimu aliyechoka macho yake yanamruka yanaenda kwa yule anayejibu kila siku, au anajibu mwenyewe anageukia ubaoni, na mtoto wa nyuma anashusha mkono taratibu na hamna aliyeona. Mtafiti mmoja wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu wengi wakishauliza swali wanasubiri kama sekunde 1 tu, na kwamba wakijizoeza kusubiri sekunde 3 au zaidi majibu yanakuwa marefu, yana hoja, na watoto waliokuwa kimya wanaanza kujitokeza. Ni sekunde 2 tu za ziada. Lakini kusimama kimya mbele ya darasa zima kunataka mtu mwenye akiba ya utulivu, na kwa ninavyoona mimi, siku ikiwa ngumu akiba hiyo ndo inaisha kwanza.

Kwa nini inaisha haraka hivyo wakati kwa nje kazi inaonekana ni kusimama na kuongea? Philip Jackson, aliyekaa madarasani akiangalia tu kinachotokea, aliandika mwaka 1968 kwamba mwalimu wa shule ya msingi anaweza kufikisha mawasiliano 1,000 na watu kwa siku moja. Elfu moja! Huyu anaomba kwenda chooni, yule kalamu imeisha wino, wale wawili wanasukumana, huyu hajaelewa, yule analia na hasemi kwa nini, na kila moja inataka uamuzi papo hapo. Juu ya hapo kuna kazi nyingine isiyoandikwa kwenye ratiba yoyote, kazi ya kuzuia hisia zako. Mwanasosholojia Arlie Hochschild aliieleza mwaka 1983 akianzia kwa wahudumu wa ndege, watu ambao tabasamu ni sehemu ya ajira yao hata kama ndani wameumia. Mwalimu yumo kabisa kwenye kundi hilo: anaweza kupokea simu ya msiba wa ndugu yake asubuhi na kipindi cha kwanza akatakiwa kuimba na watoto wa darasa la kwanza.

Christina Maslach, mwanasaikolojia ambaye kipimo chake cha uchovu wa kazi alichotengeneza na Susan Jackson mwaka 1981 bado kinatumika sana mpaka leo, anautaja uchovu huu kwa dalili tatu. Moja ni kuishiwa kihisia, mtu anaamka asubuhi tayari kachoka. Ya pili ni kuwaona watu unaowahudumia kama vitu au mizigo, na hii ukikaa ofisi ya walimu unaisikia: mwalimu ambaye zamani alikuwa anasema "huyu mtoto wangu wa pale mbele hajala tangu jana" sasa anasema "hawa hawafundishiki". Wengi wakisikia maneno hayo wanasema mwalimu kabadilika kawa mkatili, kumbe mara nyingi ni mtu anayejikinga asiumie zaidi, kwa sababu kumjali mtoto ambaye huna nguvu ya kumsaidia kunauma. Ya tatu ni kuona kazi yako haina maana tena, unafundisha, unasahihisha madaftari, unafundisha, na moyoni unajiambia hakuna kinachobadilika.

Na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema wazi kwamba uchovu huu ni jambo la kazini, unatokana na presha ya muda mrefu ya kazi ambayo haijashughulikiwa vizuri, na halikuuorodhesha kama ugonjwa. Mi hapa huwa nasimama kidogo kwa sababu ina maana kubwa. Kama chanzo kiko kwenye namna kazi ilivyopangwa, basi kumwambia mwalimu ajipe moyo, anywe maji mengi, afanye mazoezi, ni kumwachia yeye peke yake kazi ambayo ni ya shule nzima. Na semina ya kujitunza inayowekwa Jumamosi inamnyang'anya ile siku moja aliyokuwa anapumzika.

Mafunzo hayo sio bure lakini, nisieleweke vibaya. Kule New York City kuna programu moja ya kuwafundisha walimu kuzitambua na kuzituliza hisia zao, ikajaribiwa kwa walimu 224 wa shule 36 za msingi, baadhi wakapewa mafunzo na wengine wakasubiri, na matokeo yaliyotoka mwaka 2017 yalionyesha waliofundishwa msongo wao ulipungua na hata madarasa yao yalionekana yana upendo zaidi mbele ya watu waliokwenda kuyaangalia. Kwa hiyo inasaidia. Ninachokataa ni kuishia hapo tu.

Kitu kinachochosha zaidi kuliko wingi wa kazi ni wingi wa kazi ukichanganyika na kukosa sauti. Robert Karasek alilieleza hili mwaka 1979 kwa wafanyakazi kwa ujumla, kwamba mzigo mkubwa wa kazi pamoja na uhuru mdogo wa kuamua ndo mchanganyiko unaovunja watu. Angalia shule sasa. Ratiba inabadilishwa Jumapili usiku kwenye grupu la WhatsApp, fomu mpya inaletwa inayouliza vitu vilevile vilivyo kwenye fomu ya zamani na zote mbili zinatakiwa, mwalimu anaambiwa darasa lake limeongezewa wanafunzi na hakuna aliyemuuliza viti viko wapi. Kila jambo kivyake ni dogo, mtu anaweza kulimeza, lakini yakirundikana yanamwambia mwalimu kila siku kwamba mawazo yake hayahitajiki, na mtu wa namna hiyo ukimwambia aende akawajengee watoto kujiamini unamtaka atoe kitu ambacho yeye mwenyewe hapewi.

Ndo maana hali ya hewa ya shule, ile unayoihisi ukipita getini tu, inategemea sana watu wazima wanavyotendeana wao kwa wao. Anthony Bryk na Barbara Schneider walizifuatilia shule za msingi za Chicago miaka ya 1990, wakakuta shule ambazo watu wake waliaminiana sana zilikuwa na nafasi kama mara tatu zaidi ya kupanda kwenye kusoma na hesabu kuliko zile ambazo imani ilikuwa chini kabisa. Na imani hiyo waliielezea kwa mambo manne tu: heshima, kujaliana hata nje ya majukumu, kila mtu kuijua kazi yake, na mtu kutenda alichosema. Hakuna hata moja linalohitaji bajeti.

Mfano mzazi kaja juu, anapiga kelele kwenye korido kwamba mwalimu kamwonea mtoto wake, madirisha yote yana vichwa vya wanafunzi. Mkuu wa shule anaweza kumuita mwalimu palepale na kumgombeza ili mzazi aridhike. Au anaweza kumkaribisha mzazi ofisini, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia "nitazungumza na mwalimu na nitakupa jibu kesho", afu akakaa na mwalimu pembeni, amuulize kilichotokea, na kama alikosea amwambie alikosea, lakini mlango umefungwa. Kwa njia ya pili mzazi kaheshimiwa na mwalimu kaheshimiwa, wanafunzi wote wameona mgogoro unavyotatuliwa bila mtu kudhalilishwa, na walimu wengine waliokuwa wanasikiliza wamejua siku yakiwakuta wao watatendewaje. Somo kama hilo huwezi kulipata kwenye bango la ukutani lililoandikwa nidhamu.

Walimu wapya nao wasisahaulike, maana wengi wanaanza kuondoka miaka ya mwanzo kabisa. Thomas Smith na Richard Ingersoll walionyesha mwaka 2004, kwa data za Marekani, kwamba mwalimu mpya aliyepewa mwalimu mzoefu wa somo lake wa kumlea na muda wa kupanga kazi pamoja na wenzake alikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuacha. Sehemu nyingi bado mpya ndo anapewa darasa lililomshinda kila mtu, na hapo sijui tunategemea nini. UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, wanasema walimu wa msingi wanaoacha kazi duniani walitoka kama asilimia 4.6 mwaka 2015 wakafika kama asilimia 9 mwaka 2022, na kwamba dunia inahitaji walimu wengine milioni 44 ifikapo 2030 ili kila mtoto asome msingi na sekondari. Huwezi kujaza idadi hiyo kwa kuajiri tu huku waliopo wanatoka mlango wa nyuma.

Na hapa kuna kitu wengi hawajui: Siku ya Walimu Duniani, 5 Oktoba, inayoadhimishwa tangu 1994, inakumbuka waraka wa mwaka 1966 wa UNESCO na Shirika la Kazi Duniani kuhusu hadhi ya walimu, na waraka huo unasema mazingira ya kazi ya mwalimu yanatakiwa yawe yale yanayosaidia zaidi watoto kujifunza na yanayomwezesha kuweka akili yake kwenye kazi yake ya ualimu. Miaka mingi hivyo na bado siku yenyewe inaishia kwenye hotuba na pongezi.

Ukiwa mkuu wa shule na unajiuliza uanzie wapi, anza kwa kuwauliza walimu wako ni kitu gani kimoja wangekiondoa kwenye wiki yao, waandike bila majina, afu kitu kilichotajwa na wengi na kilicho ndani ya uwezo wako kiondoe kabla ya kikao kinachofuata. Usiunde kamati kwanza. Mara nyingi kitakuwa ripoti inayoandikwa mara mbili, au kipindi cha wazi kinacholiwa kila siku na zamu za ghafla, au meseji za kazi saa nne usiku. Kama unachotajiwa hakiko kwenye uwezo wako, mfano mishahara, sema hivyo hivyo mbele yao, usiahidi. Ukiuliza afu ukakaa kimya ni mbaya kuliko kama usingeuliza kabisa, kwa sababu walimu watakumbuka kwamba walisema.

Na kama we ni mzazi, mwandikie mwalimu wa mtoto wako jambo moja mahususi ambalo mtoto kaja nalo nyumbani, kwamba jana kaeleza mwenyewe jinsi ya kugawanya sehemu, au kwamba safari hii kasoma ukurasa mzima bila kusaidiwa. Ile dalili ya tatu ya Maslach, ya kuona kazi haina maana, inakula sana kwa sababu mwalimu mara nyingi haoni mbegu ikiota, inaotea nyumbani kwako.