Kijioo cha kubandika kwenye pikipiki: lori liko karibu kuliko unavyoliona

Kwenye maduka ya spea za pikipiki siku hizi kunauzwa vijioo vidogo vya duara, vyenye gundi mgongoni, ambavyo dereva anavibandika juu ya saitimira ya kawaida. Madereva wa bodaboda wamevipenda, na wana sababu. Vinaonyesha gari lililo ubavuni, lile ambalo limeshatoka kwenye kioo lakini bado halijafika kwenye kona ya jicho. Ni kifaa kizuri na mimi nakiunga mkono. Tatizo ni kwamba kinauzwa bila maelezo, na anayekisoma kama anavyosoma kioo kikubwa anaweza kujitafutia hatari ambayo hakuwa nayo kabla ya kukinunua.

Kijioo hiki ni kioo mbinuko, yaani uso wake umetokeza nje kama mgongo wa kijiko. Umbo hilo linakiwezesha kuona eneo pana, ndiyo maana kitu chenye upana wa sentimita 5 kinaweza kukuonyesha barabara nzima iliyo pembeni yako pamoja na ukingo wake. Lakini eneo lote hilo limebanwa ndani ya sentimita hizo 5, kwa hiyo kila kilichomo kimepungua. Jicho letu nalo limezoea kukadiria umbali wa gari kwa ukubwa wake. Likiwa dogo tunasema bado liko mbali.

Tupige hesabu. Lori liko mita 10 nyuma yako, na macho yako yako kama sentimita 60 kutoka kwenye kioo. Kioo bapa kitakuonyesha lori hilo bila kudanganya. Vioo vingi vya pikipiki vya kiwandani navyo vina mbinuko, ila mdogo: Kanuni namba 81 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu vioo vya pikipiki, inataka nusu kipenyo cha mbinuko (si cha kioo chenyewe, bali cha mpira ambao uso wa kioo ungekuwa kipande chake; kikiwa kidogo, mbinuko ni mkali) kiwe kati ya milimita 1,000 na 1,500. Kwenye kioo cha milimita 1,200, lori letu litaonekana kana kwamba liko mita 20. Hamia sasa kwenye kijioo chenye nusu kipenyo cha milimita 300. Lori ni lilelile, mita ni 10 zilezile, lakini jicho litakuambia liko mita 50.

Ongeza mwendo kwenye hesabu hiyo. Wewe unakwenda 40, lori linakuja na 80. Linakukaribia kwa mita 11 kila sekunde. Kama kweli lingekuwa mita 50, ungekuwa na sekunde nne na nusu, muda wa kutosha kukwepa shimo na kurudi kushoto. Kwa mita 10 huna hata sekunde moja. Aliyeamini kijioo ataingia kulia akiwa na uhakika kabisa kwamba ana nafasi. Nchini Marekani, kioo mbinuko cha upande wa abiria kwenye gari dogo ni lazima kiandikwe onyo kwamba vitu vinavyoonekana humo viko karibu zaidi. Kijioo chetu cha kubandika hakina hata pa kuandika onyo hilo, na ndicho chenye mbinuko mkali kuliko vyote.

Kwa hiyo kiulize swali moja tu: kuna mtu, hakuna mtu? Ukiona chochote kinachosogea, iwe taa, rangi ya daladala au kofia ngumu ya mwenzako, jibu ni kwamba yupo, na wewe usihame. Yuko umbali gani na anakuja kwa kasi gani, hayo tafuta kwenye kioo kikubwa na kwa kugeuza shingo.

Shingo ndiyo inayoleta ubishi darasani, tunapowafundisha madereva wa bodaboda. Madereva wengi wazoefu wanasema kugeuka kunaiyumbisha pikipiki. Ni kweli inayumba, kama unageuza kifua kizima, kwa sababu mkono mmoja unavuta hendeli na mwingine unaisukuma. Kinachotakiwa ni kidevu kielekee begani, mabega yabaki palepale, kisha macho yarudi mbele haraka. Kwa mwendo wa 50, ambao ndio mwisho kisheria kwenye maeneo ya makazi, unakula mita 14 kila sekunde, basi hakuna muda wa kukodoa macho nyuma. Tunafundisha hivi: kioo kikubwa, indiketa, kijioo, shingo, ndipo pikipiki ihame. Na kuwasha indiketa si ruhusa ya kuhama, ingawa ukikaa dakika chache pale Ubungo utadhani ni ruhusa.

Wengi wanabandika kijioo upande wa kulia tu, kwa kuwa ndiko magari yanakopitia. Kwa barabara zetu hiyo haitoshi. Fikiria abiria anapokugonga begani na kusema, "Hapohapo kaka, nishushe." Dereva anakata kushoto ghafla. Kushoto kwake, kwenye kile kipande cha lami kinachobaki kabla ya mtaro, kuna bodaboda mwingine anapenya foleni, au mzee na baiskeli yake iliyobeba gunia la mkaa. Huyo hakupita kulia ambako macho yote yameelekezwa. Vijioo vinauzwa kwa jozi, basi bandika vyote viwili.

Kabla ya kubandua karatasi ya gundi, fanya jaribio hapo kijiweni. Weka pikipiki kwenye stendi ya kati, kaa kama unavyokaa ukiendesha, na uvae kofia ngumu, maana nayo inakata sehemu ya unachokiona. Anza kwa kurekebisha vioo vikubwa: bega lako lionekane kwenye ukingo wa ndani tu, na barabara iliyo nyuma iwe katikati ya kioo. Hapa ndipo wengi wanapogundua kwamba karibu nusu ya kioo ilikuwa inawaonyesha kiwiko chao. Kule Makete na Mbeya, msimu wa baridi, koti zito linaongeza tatizo. Wapo pia wanaogeuza vioo ndani ili vipenye kwenye foleni, na wanaofunga vile vioo vidogo vya mapambo. Hao kijioo cha kubandika hakitawasaidia. Wanunue kwanza vioo vya kawaida.

Vioo vikishakaa sawa, mwambie mwenzako atembee kutoka nyuma, upande wa kulia, kama mita moja na nusu kutoka kwenye pikipiki. Utamwona kwenye kioo, kisha atapotea, halafu atatokea kwenye kona ya jicho. Mwambie asimame pale alipopotea. Mahali hapo ndipo kijioo kinapotakiwa kumnasa. Kishike kwa vidole, kisogeze juu ya kioo kikubwa hadi umwone mwenzako mzima, kisha weka alama. Rudia upande wa kushoto, kwani alama hazitalingana.

Mara nyingi mahali panapofaa ni kona ya chini upande wa ndani, pale ambapo kioo kinaonyesha mkono wako mwenyewe. Hapo hupotezi kitu. Ukikibandika katikati au ukingo wa nje unaziba sehemu ya kioo kikubwa inayokupa umbali, na hasara yake si ndogo: kijioo cha kipenyo cha sentimita 5 kinafunika karibu milimita za mraba 1,960, wakati Kanuni 81 inataka kioo kizima kiwe na angalau 6,900. Kwenye kioo cha kiwango hicho cha chini, umeziba zaidi ya robo. Ukipata kijioo kinachoweza kuinamishwa, chagua hicho, ukielekeze nje kidogo.

Safisha kioo kwa spiriti, kiache kikauke, bandika, bonyeza, na kama inawezekana usikiguse wala kukiloweka mpaka kesho yake. Injini ya silinda moja inatetemesha kila kitu, na uzito ulioongeza unaweza kufanya picha itikisike kwenye mwendo ambao zamani ilikuwa imetulia. Kaza nati ya kioo kwanza kabla ya kulaumu kijioo. Mvua ikinyesha, tone moja tu linatosha kukiziba, kwa hiyo siku hiyo kihesabu kama hakipo. Vumbi lisifutwe kwa kitambaa kikavu, litakikwaruza.

Kuna jambo ambalo hakuna kioo cha pikipiki kinachoweza kulitatua, nalo ni wewe kukaa mahali ambapo dereva mwingine hakuoni. Kwa lori lenye usukani kulia, mahali pabaya zaidi ni ubavu wa kushoto, upande wa utingo, jirani na tairi la mbele, na pia mbele kabisa chini ya kioo chake. Lakini kwenye barabara za kwenda Tunduma na Rusumo utakutana na malori yenye usukani kushoto, yanayotoka nchi wanakoendesha kulia kama Kongo, Rwanda na Burundi. Hayo mambo yanageuka: asikokuona ni kulia, upande uleule unaopitia ukitaka kuliovateki. Dereva wake naye, akitaka kulipita gari lililo mbele yake, hawezi kuona barabara bila kuchomoza kichwa cha gari katikati ya barabara, kwa hiyo anaweza kukusogelea bila kukusudia. Kabla hujaanza kulipita, tazama dereva amekaa upande gani, utafute uso wake kwenye kioo chake, na usipouona baki nyuma mpaka upate nafasi ya kulipita moja kwa moja bila kwenda naye sambamba.