Vidole Havina Kosa: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli Kuhusu Kununua Gitaa Nairobi

Mwezi Desemba, shule zikifungwa, huwa nawasindikiza wanafunzi wangu mjini kununua gitaa la kwanza. Tunashuka matatu barabara ya Tom Mboya, tunapita kando ya jengo la Archives, tunavuka Moi Avenue na kuanza kuzunguka. Ninafundisha gitaa kanisani kila Jumamosi, na wengi wanaonijia ni vijana ambao wazazi wao wamejinyima miezi kadhaa ili pesa ya gitaa ipatikane. Ndiyo maana naumia nikisikia ushauri wanaopewa mtaani na hata dukani kwenyewe. Mwingi wake si kweli, na mtoto ndiye anayeulipia.

"Kama hujui kupiga, usiguse"

Hakuna anayeitamka hivyo, lakini wanafunzi wangu huingia dukani mikono ikiwa nyuma kama wameingia nyumba ya wageni. Magitaa yametundikwa ukutani, ya bei kubwa juu kabisa, na pembeni kuna kijana anayepiga kwa kasi akiwa amechomekwa kwenye amplifaya. Anayeanza hunywea. Anaonyesha kwa kidole, analipa, anaondoka na boksi ambalo halijafunguliwa.

Duka la vyombo vya muziki lipo ili watu wajaribu. Omba gitaa lishushwe, omba kiti, kaa nalo. Kama hujui kupiga hata mshiko mmoja, yaani nota kadhaa zinazolia pamoja, mwambie muuzaji akupigie huku wewe ukisikiliza kwa mbele, kwa sababu sauti ya gitaa hutoka kuelekea kwa msikilizaji kuliko kwa anayelipiga. Kisha mwambie apige gitaa la pili, wimbo uleule. Sikio la mtu asiyejua kupiga husikia tofauti vizuri tu.

Na hapa kuna jambo lazima niliseme. Mwaka juzi nilimpeleka msichana wa miaka kumi na sita, akafuatana na kaka yake aliyekuja kwa ajili ya kubeba. Muuzaji alishusha gitaa akampa yule mvulana. "Kijana, jaribu hii." Msichana akasema, "Ni mimi, brathe." Muuzaji akatazama mikono yake, akasema vidole vya msichana ni vifupi, labda achukue ukulele, kile kigitaa kidogo cha nyuzi nne. Dhana hii imewafukuza wasichana wengi sana. Kampuni ya Fender ilitangaza mwaka 2018 kwamba utafiti wake nchini Marekani na Uingereza ulikuta nusu ya wanaoanza kujifunza gitaa ni wanawake. Mwenye mkono mdogo ana gitaa la robo tatu, na hata katika magitaa ya watu wazima urefu wa uzi hutofautiana: la klasiki, lenye nyuzi za nailoni, huwa na milimita 650 hivi, Fender nyingi 648, ya kampuni ya Gibson mengi takriban 628. Milimita ishirini zinaweza kuonekana kidogo, ila mwenye vidole vifupi huzihisi.

"Vidole vitazoea"

Nikiombwa nichague dhana moja ya kung'oa, ningechagua hii.

Gitaa langu la kwanza nililinunua mwaka 2014 kwa shilingi 8,500, katika duka ambalo sitalitaja. Nyuzi zilikuwa zimekaa juu mno ya shingo. Nilipolalamika kwamba siwezi kuzibana, muuzaji aliniambia kila anayeanza hulia, nivumilie mwezi mmoja ngozi iwe ngumu. Nilivumilia miezi minne. Ncha za vidole zilipasuka, nikafunga plasta, nikaendelea. Mshiko wa F sikuuweza hata siku moja. Nikaanza kuamini kwamba Mungu hakunipa kipaji, nikaliweka gitaa juu ya kabati.

Lilishushwa na fundi mmoja wa River Road, mzee aliyezoea kutengeneza magitaa ya bendi. Alilishika kama mtu anayepima mbao, akafumba jicho moja, akatazama shingo kuanzia kichwani hadi kwenye tundu la sauti. Kisha akaniuliza, "Mama, nani alikuuzia hii bila kuifanyia kazi?" Alikaza kile chuma kilichofichwa ndani ya shingo kwa robo mzunguko tu. Akasugua kwa chini ule mfupa wa kwenye daraja, kile kipande kilichobandikwa mwilini ambako nyuzi hufungwa, na ambao nyuzi hulala juu yake, akaujaribu, akausugua tena. Pale mwanzo wa shingo akachimba vijia vya nyuzi kwa tupa nyembamba. Saa moja na nusu, shilingi 800. Jioni hiyo F ikalia.

Ukweli ni kwamba gitaa jipya la bei nafuu hutoka kiwandani likiwa halijamaliziwa. Nyuzi huachwa juu kwa sababu zikiwa chini mno zitagonga freti, vile vyuma vyembamba vilivyolala kukatiza shingo, na kutoa mlio mbaya, na kiwanda hakijui gitaa litakwenda kuishi kwenye hewa gani. Kazi ya kulirekebisha huachiwa duka. Maduka mengine huifanya, mengine husubiri mteja aulize, na mengine hayana mtu anayeijua. Ngozi ya kidole kweli hukomaa katika wiki chache, na maumivu kidogo ni ya kawaida. Lakini maumivu yasiyopungua baada ya mwezi ni ya gitaa.

Unaweza kupima mwenyewe dukani bila kifaa. Hesabu freti hadi ya kumi na mbili. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76. Pachika kadi tatu pamoja kati ya freti hiyo na uzi mnene wa juu. Zikipita kwa kugusa uzi kidogo tu, gitaa kavu (lisilo la umeme) la nyuzi za chuma liko sawa. Zikipita tano bila kugusa kitu, mwambie muuzaji alirekebishe kabla hujalipa, au utenge pesa ya fundi katika bei unayokubaliana. La nailoni huwa na nafasi kubwa zaidi kidogo, kadi nne hadi tano, na hilo si kasoro.

Ukiwa hapohapo, fanya na jaribio la pili. Piga uzi ukiwa wazi, kisha ubane kwenye freti ileile ya kumi na mbili na uupige tena. Freti hiyo iko katikati kabisa ya urefu wa uzi, kwa hiyo nota lazima iwe ileile, juu zaidi. Programu ya kutyuni kwenye simu itakuonyesha. Ikiwa wazi inasoma E na ikibanwa inapotea kuelekea F, gitaa hilo halitakubaliana na kinanda cha kanisa hata ulityuni asubuhi na jioni. Na usiishie hapo: bana kila freti, moja moja, hadi chini kabisa. Wauzaji wengi hujaribia freti tatu za mwanzo. Hapa kwetu anayetaka kupiga solo ya benga ataishi kule chini, kwenye nyuzi nyembamba, na huko ndiko freti mbovu hujificha.

Nyuzi ni nyuzi?

Hapana. Mwanafunzi wangu mmoja aliambiwa dukani kwamba nyuzi za chuma "zina sauti zaidi", akafungiwa kwenye gitaa la nailoni. Baada ya wiki tatu daraja lilibanduka likiwa na vipande vya mbao. Seti ya kawaida ya chuma kwa gitaa kavu huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 70. Ya nailoni huvuta kama kilo 40. Gitaa la nailoni limejengwa jepesi, na mara nyingi halina kile chuma ndani ya shingo cha kupambana na mvuto. Anayetaka sauti ya chuma anunue gitaa la chuma tangu mwanzo.

"Ya China ni toi, ya jina ni orijino"

Hapa watu hupoteza pesa nyingi. Yamaha ni kampuni ya Kijapani, lakini ile C40 inayoonekana katika madarasa mengi hutengenezwa Indonesia. Squier ni chapa ya Fender, na Epiphone imekuwa chini ya wenye Gibson tangu 1957, na magitaa yao mengi hutoka Asia, China ikiwemo. Nchi iliyoandikwa nyuma ya kichwa haikuambii mengi. Mikono na ukaguzi ndio hupishana, na ndani ya aina ileile, rafu ileile, moja huwa zuri na jingine bovu. Ndiyo sababu nasema fungua boksi, jaribu hilo hasa utakalokwenda nalo, si lile la maonyesho.

Jina lenyewe pia huigizwa. Ukionyeshwa Gibson kwa bei ya kushangaza, tazama kifuniko kidogo kilicho kichwani kinachofunika chuma cha shingo. Cha Gibson halisi hushikwa na skrubu mbili. Bandia nyingi zina tatu.

Na muziki wetu haukusubiri majina. Miaka ya 1950 kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini ilikuwa ikitengeneza magitaa ya bei ya chini yaliyoitwa Gallotone, na neno galatoni, ambalo wazee wa muziki hulitumia kwa gitaa kavu, limetoka huko. Ndani yake palibandikwa karatasi ya kuahidi kwamba halitapasuka. Gallotone hilohilo lilivuka hadi Liverpool, likawa gitaa la kwanza la John Lennon wa Beatles mwaka 1957. George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alijenga mtindo wa omutibo kwa gitaa kavu na chupa ya soda iliyogongwa pembeni. Mwenda Jean Bosco, Mkongo aliyeishi hapa Nairobi kwa muda na kusikika redioni, alipiga kwa kidole gumba na cha shahada, na wapigaji wa Afrika Mashariki wakaiga. Simaanishi gitaa lolote linafaa. Namaanisha kwamba la bei nafuu lililorekebishwa vizuri linatosha kumfikisha mtu mbali.

"Agiza ng'ambo, hapa wanatuibia"

Bei ya mtandaoni huvutia kwa sababu haijafika nyumbani. Mzigo ukiingia, ushuru wa forodha hupigwa juu ya thamani ya gitaa pamoja na nauli na bima. VAT ya asilimia 16 huja baadaye, nayo hukokotolewa baada ya ushuru kuongezwa. Kwa hiyo unalipa kodi hata juu ya nauli, na juu ya ushuru wenyewe, na zipo tozo nyingine za uagizaji. Halafu gitaa ni kitu kikubwa chenye hewa tupu ndani, nauli yake ni ya ukubwa kuliko uzito. Likija na shingo iliyopinda utamrudishia nani? Kwa gitaa la kuanzia, sijawahi kuona hesabu ikikubali.

Vilevile si kweli kwamba duka la vioo la kwenye moli huibia watu na la kichochoroni ndilo la haki, wala kinyume chake. Uliza bei imebeba nini: mfuko, seti ya pili ya nyuzi, marekebisho, risiti, na siku ngapi za kurudisha. Pale ambapo bei haishuki, mara nyingi vitu hivi huongezwa ukiomba kwa heshima. Mimi hupendelea kuombea marekebisho kuliko kupunguziwa shilingi mia tano.

Kuhusu mbao, kwa kifupi. "Mbao tupu" ndiyo sifa ya kila muuzaji. Tazama ukingo wa tundu la sauti: mistari ya mbao ikishuka kutoka juu na kuendelea kwenye unene, ni ubao mmoja, ukiona tabaka kama za chapati, ni plaiwudi. Ubao mmoja hulia vizuri zaidi na hunoga kadiri unavyozeeka, lakini huhitaji hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na Nairobi hukauka Januari na Februari kisha mvua ya masika ikaanza Machi. Kwa kijana atakayelibeba kwenye matatu kila wiki, plaiwudi ni chaguo la busara. Lolote utakalonunua, usiliache ndani ya gari juani. Gundi hulegea, daraja hunyanyuka.

Yule msichana wa miaka kumi na sita hakuchukua ukulele. Alikaa kwenye kiti, akaazima kadi yangu ya benki na ya kaka yake, ya tatu akamwomba muuzaji mwenyewe. Gitaa la kwanza zilipita zote zikacheza. La pili vilevile. Kufikia la nne muuzaji alikuwa ameinama karibu naye, anatazama freti ya kumi na mbili kwa jicho moja.

"Hizi kadi," akamuuliza, "ni tatu kwa kila gitaa, ama?"

"Ya chuma tatu," akamjibu. "Ya nailoni nne, tano."

Kadi zikashika. Akalichukua hilo.