“A number of” na “the number of”: kitenzi kifuate nini?

Katika Kiswahili tunasema “idadi kubwa ya wanafunzi imefaulu”. Kitenzi kinapatana na idadi. Wanafunzi wamekaa nyuma ya a-unganifu, yaani lile neno “ya”, na hawana sauti. Anayehamishia mazoea hayo kwenye Kiingereza huandika “A number of students has passed”, na hapo ndipo anapokosea. Sahihi ni “have passed”.

Kwa nini? Maneno “a number of” yamepoteza uzito wa nomino, yanafanya kazi ya “kadhaa”. Kiima halisi ni “students”. Lakini ukiweka “the” mahali pa “a”, mambo yanageuka: “The number of students has risen”. Kinachozungumziwa sasa ni hesabu yenyewe, nayo ni moja. Ukisitasita, jaribu kuweka “many” badala ya fungu zima la maneno. “Many students have passed” inakubali. “Many students have risen” inakuambia kwamba wanafunzi wameinuka, jambo ambalo hukukusudia.

Kwa “a lot of”, “most of”, “some of”, “half of”, sehemu na asilimia, tazama nomino iliyo baada ya “of”. Isiyohesabika huchukua umoja: “A lot of water is wasted”, “Two-thirds of the land is dry”. Ya wingi huchukua wingi: “A lot of books are missing”, “Two-thirds of the farms are dry”. Kanuni hii haiigusi “one of”. “One of the students has left” hubaki umoja, ingawa “students” imekigusa kitenzi bega kwa bega na kuwapoteza wengi.

Sentensi zinazoanza na “there” zinahitaji kuangalia mbele, maana kitenzi kinatangulia: “There are a number of reasons”, si “there is”.

Umbali, muda au fedha vikichukuliwa kama kipimo kimoja, kitenzi ni cha umoja hata kama nomino ina “s”: “Ten kilometres is a long way.”

Nomino za makundi kama “team” na “committee” hazina jibu moja. Marekani hutumia umoja. Uingereza hukubali pia wingi pale watu wa kundi wanapofikiriwa mmoja mmoja, “The team are arguing”. Chagua mtindo mmoja, usiubadili katikati ya andiko. “Police” haina hiari hiyo: daima ni “the police are”.