Je, wajua kwa nini slagi moja hutiririka na nyingine hunata, ilhali joto ni lilelile?

Mawe yenye chuma yakiyeyushwa tanurini, chuma hakitoki peke yake. Juu yake huelea ujiuji wa moto wa oksidi (misombo yenye oksijeni) mbalimbali: silika (oksidi ya silikoni) na alumina (oksidi ya alumini) zilizokuwamo ndani ya mawe, pamoja na chokaa (oksidi ya kalisi) na magnesia (oksidi ya magnesi) zilizotiwa makusudi. Hayo ndiyo mavi ya chuma, au slagi kwa lugha ya viwandani. Katika tanuri kubwa, kila tani ya chuma huweza kuja na kilo 250 hadi 300 za slagi, na zote hutakiwa kutoka kwa kutiririka kupitia tundu la tanuri, kwenye nyuzi 1,500 hivi za Selsiasi. Ikiwa nzito, slagi hunasa matone ya chuma, hushindwa kunyonya salfa inavyotakiwa, na huziba njia.

Wengi watasema: ongeza moto. Ni kweli joto hupunguza mnato, yaani ukinzani wa kimiminika dhidi ya kutiririka, lakini nyuzi 100 zaidi hupunguza mnato wa slagi ya kawaida kwa nusu hivi tu. Sasa tazama mchanganyiko unavyofanya. Silika tupu, ikishayeyuka kwenye nyuzi zipatazo 1,720, ina mnato wa takriban paskali-sekunde (kipimo cha mnato) milioni moja. Slagi ya tanuri la chuma, ambayo joto lake ni dogo kuliko hilo, huwa na 0.3 hadi 0.5 hivi; hata mafuta ya nyonyo yasiyopashwa moto ni mazito kuliko hiyo. Tofauti ya mara zaidi ya milioni haiwezi kuelezwa kwa moto.

Huelezwa kwa oksijeni, hasa kwa namna ilivyoshikwa. Ndani ya silika, kila atomu ya silikoni huzungukwa na oksijeni nne, na kila oksijeni hushikwa na silikoni mbili, moja kila upande. Hivyo kitu chote ni wavu mmoja usio na mwisho, hata baada ya kuyeyuka. Ili kimiminika hicho kisogee, lazima vifungo vikatike na kuungana upya, na vifungo vya silikoni na oksijeni ni imara mno.

Chokaa ikiingia, kalisi yake huachia oksijeni. Oksijeni hiyo hujipenyeza kwenye kifungo kimoja na kukikata: pale palipokuwa na oksijeni moja iliyoshikwa pande mbili, sasa pana oksijeni mbili zilizoshikwa upande mmoja, na kalisi imesimama kando kusawazisha chaji. Hesabu yake ni nyepesi. Katika silika tupu kuna viungo viwili vya oksijeni kwa kila silikoni. Molekuli moja ya chokaa kwa kila moja ya silika hukata kimoja kati ya viwili hivyo, na wavu hubaki minyororo. Zikiwa mbili kwa moja, kila silikoni huelea peke yake na oksijeni zake nne. Magnesia, oksidi ya sodiamu na oksidi ya chuma hufanya kazi hiyohiyo ya kukata. Nyongeza za kwanza ndizo zenye athari kubwa zaidi: asilimia chache tu za oksidi ya sodiamu hushusha mnato wa silika kwa mara maelfu, kisha kila nyongeza hufanya kidogo kuliko iliyotangulia.

Mwenye vituko ni alumina. Alumini inaweza kukaa mahali pa silikoni wavuni, lakini chaji yake ni pungufu kwa moja, kwa hiyo huhitaji ioni (atomu yenye chaji) chanya jirani ya kuifidia. Kalisi moja hufidia alumini mbili. Maana yake, kila molekuli ya alumina huiteka molekuli moja ya chokaa iliyokuwa ikikata wavu na kuipa kazi ya kuutegemeza. Mnato hupanda, na hufikia kilele pale idadi ya molekuli za alumina inapokaribiana na ile ya chokaa. Alumina ikizidi hapo, hakuna tena wa kuifidia. Baadhi ya alumini hushikana na oksijeni tano au sita, na wavu hulegea. Ndiyo maana kuuliza kama alumina huifanya slagi iwe nzito au nyepesi, bila kutaja iliyo pamoja nayo, ni kuuliza nusu swali.

Mtu aweza kudhani basi chokaa ikiongezwa bila kikomo, slagi itazidi kuwa nyepesi. Haiwi hivyo. Chokaa ikizidi, chembe ngumu huanza kujitenga ndani ya kimiminika, hasa silikati ya kalisi inayoyeyuka kwenye nyuzi zipatazo 2,130. Einstein alitoa hesabu ya vimiminika vyenye chembe chache mwaka 1906, akaisahihisha mwaka 1911: mnato huongezeka kwa mara mbili na nusu ya sehemu ya ujazo iliyochukuliwa na chembe. Chembe zikiwa nyingi, huanza kusongamana na mnato hupanda kwa kasi kuliko hesabu hiyo. Hivyo slagi yaweza kunata kwa sababu mbili zilizo kinyume: wavu mzima mno, au chokaa nyingi mno. Ukikosea kuitambua sababu, dawa yako itaongeza ugonjwa. Kwa tanuri kubwa la chuma, uzito wa chokaa kwa wa silika hushikiliwa kati ya 1.0 na 1.25 hivi.

Oksidi ya titani nayo ina sura mbili. Yenyewe hupunguza mnato, lakini mazingira ya tanuri yakiinyang'anya oksijeni kupita kiasi, huzaa kabidi na nitridi za titani (misombo yake na kaboni au nitrojeni), chembe ngumu zisizoyeyuka hapo, na slagi huwa uji mzito.

Lakini uzito si adui siku zote. Katika matanuri ya kutengeneza feleji yanayopulizwa oksijeni, chuma kikishamiminwa, mafundi huweza kuibakisha slagi kiasi, kuitia magnesia makusudi ili inate, kisha kuipuliza kwa nitrojeni irukie kutani. Hugandia hapo na kuyakinga matofali ya tanuri yasilike na chuma kinachofuata.