Je, wajua kwa nini jina la Mtakatifu Eligius liligongwa kwenye sarafu za dhahabu?

Zipo sarafu za dhahabu za karne ya 7, za Wafaranki (watu waliotawala Ufaransa ya leo), zenye jina la mfalme Dagobert I au Clovis II, na pamoja nalo herufi ELIGI. Ndiye Eligius, sonara aliyewekwa wakfu mwaka 641 kuwa askofu wa Noyon, kaskazini mwa Ufaransa ya leo. Alipoanza kuzigonga alikuwa bado mlei.

Sarafu yenyewe, tremissis, ilikuwa na gramu 1.3 hivi. Kipande cha dhahabu kililazwa juu ya chapa ya chuma, chapa ya pili ikawekwa juu yake, kisha nyundo. Lakini dhahabu iliyochanganywa na fedha huwezi kuigundua kwa macho tu. Kwa hiyo mgongaji alitia jina lake, ili uzito na usafi ukipungua ajulikane wa kuulizwa. Hata hivyo usafi uliendelea kushuka, na kufikia miaka ya 670 Wafaranki wakahamia sarafu za fedha.

Eligius, mzaliwa wa Chaptelat karibu na Limoges, alijifunza kazi kwa Abbo, msimamizi wa sarafu mjini humo. Sifa yake ilianzia kwenye kiti. Mfalme Clothar II alitaka kiti cha dhahabu na vito, akampimia dhahabu. Fundi mwizi alikuwa na visingizio viwili: tupa imekula, au moto umekula. Eligius hakutaja hata kimoja. Alileta kiti, halafu akatoa cha pili, vyote kutoka dhahabu ileile. Nadhani makadirio ya dhahabu wakati huo yalikuwa yameshajumuisha kiasi cha kuibwa.

Na mali aliyopata? Wasifu wake, unaohusishwa na rafiki yake Audoenus, askofu wa Rouen, unasema alikomboa mateka waliokuwa wakiuzwa, 20, 30, 50, hata 100 kwa mpigo wakishushwa melini, wengi wao Wasaksoni. Aliwaleta mbele ya mfalme, dinari ikatupwa mbele yake kama desturi ya Wafaranki ilivyotaka, ndipo wakapewa hati ya uhuru. Aliyetaka kwao alilipiwa safari. Mwingine alibaki naye kama ndugu, au aliingia monasteri.

Pesa zilipomwishia alitoa mkanda, joho, chakula chake, hata viatu vya miguuni.