Mkono Umevimba Baada ya Upasuaji wa Titi: Usiukande, na Usiulaze

Mama akishaondolewa titi na kurudi nyumbani, hakosi mashauri. Majirani humwambia mambo mawili: usiufanyie kazi mkono wa upande huo, na ukivimba ukande kwa maji moto. Wanaosema hivyo wanampenda, lakini mashauri yote mawili yanaweza kumzidishia tatizo. Maswali yaliyo hapa ni ya watu wa Kisumu, Nakuru na kaunti za magharibi wanaoishi na uvimbe huu, unaoitwa limfedema, au wanaomtunza mtu aliye nao.

Sista, nilipona kidonda mwaka jana na nikamaliza mionzi. Mbona mkono unavimba sasa?

Kando ya mishipa ya damu kuna mishipa mingine myembamba sana inayokusanya majimaji yaliyobaki kwenye nyama za mwili na kuyarudisha kwenye damu. Majimaji hayo ndiyo limfu. Yale ya mkono hupitia kwapani, kwenye tezi ndogo ndogo. Daktari anapoondoa saratani ya titi huchukua baadhi ya tezi hizo ili aone kama ugonjwa umefika huko, na mionzi nayo huacha makovu kwenye zilizobaki. Njia imepungua, lakini majimaji yanazidi kuja. Ni kama mtaro wa mtaa wa Nyalenda, Kisumu, msimu wa masika: ukiziba mahali pamoja, maji huingia kwenye nyua za watu.

Majimaji hayo yana protini, na protini huvuta maji zaidi. Yakikaa miezi na miaka, nyama iliyo chini ya ngozi hukakamaa. Ndiyo maana uvimbe wa wiki mbili hushughulikiwa kwa urahisi kuliko uvimbe wa miaka mitano.

Wengi huanza kuuona ndani ya miaka 2 au 3 ya kwanza, ingawa kuna wanaovimba baada ya miaka 10. Kwa walioondolewa tezi nyingi za kwapani, hutokea kwa karibu mwanamke 1 kati ya 5. Walioondolewa tezi moja mbili tu za kupimwa wana hatari ndogo zaidi, karibu 1 kati ya 20. Mionzi ya kwapani, unene wa mwili na maambukizi ya ngozi huongeza hatari. Wanaume wanaougua saratani ya titi, maana wapo, hupata uvimbe huu vilevile.

Nitaujuaje mapema?

Mkono husema kabla uvimbe haujaonekana. Unahisi mzito au umejaa, hasa jioni. Pete inakataa kutoka. Bangili na kamba ya saa zinaacha alama, na mkono wa blauzi unabana upande mmoja. Ukibonyeza ngozi kwa kidole gumba na kuhesabu hadi kumi, kinabaki kishimo.

Njia bora ni tepu ya fundi cherehani. Kaa mezani, nyoosha mkono, kisha pima mzunguko mahali hapa: kiganja (bila kidole gumba), kifundo cha mkono, sentimita 10 juu ya kifundo, kiwiko, na sentimita 10 juu ya kiwiko. Tia alama ndogo kwa kalamu ili upande wa pili upime palepale. Tepu iguse ngozi bila kuibana. Andika namba za mikono yote miwili na tarehe, na urudie kila mwezi, saa ileile. Asubuhi na jioni hazilingani.

Tofauti ya sentimita 2 au zaidi isiyokuwepo awali ni sababu ya kwenda kliniki. Nasema isiyokuwepo awali kwa sababu mkono unaotumia zaidi huwa mnene kidogo hata kwa mtu mzima wa afya. Kwa hiyo kipimo chenye maana kuliko vyote ni kile kilichochukuliwa kabla ya upasuaji. Kama bado unasubiri siku yako ya upasuaji, pima leo.

Uvimbe uliokuja ghafla kwa siku moja mbili, wenye maumivu makali, au ulioandamana na kinundu kipya kwapani au shingoni, usiupimepime nyumbani. Inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa, au saratani imerudi. Daktari aone kwanza.

Shangazi anasema ni matende. Wengine wanasema nimerogwa.

Matende huletwa na minyoo inayoenezwa na mbu, na hapa Kenya makao yake ni Pwani. Uvimbe wako umetokana na tezi zilizoondolewa na mionzi. Hauambukizi, kwa hiyo hakuna sababu ya kutengewa kikombe. Kuhusu kurogwa nitasema tu kwamba anayekuchukulia mbuzi wawili ili akutibu hajui kwapa lako lilifanyiwa nini. Daktari aliyekupasua anajua, na ameandika kwenye faili.

Kukanda kwa maji moto kuna ubaya gani? Nikikanda napata nafuu.

Nafuu ya nusu saa. Joto hufungua mishipa ya damu, damu nyingi huingia mkononi, na majimaji huongezeka mahali ambapo hayana pa kutokea. Juu ya hayo, baada ya upasuaji sehemu ya ngozi ya kwapa na mkono wa juu huwa na ganzi. Mtu anaungua asijue mpaka aone lengelenge. Kukandwa kwa nguvu kwa mafuta na dole gumba nako kunaumiza mishipa ile myembamba iliyobaki.

Na chale? Hapana kabisa. Kila mkato ni mlango wa vijidudu kwenye mkono ambao ulinzi wake umepungua. Hata kunyoa kwapa kwa wembe naomba uache. Tumia mkasi, taratibu.

Basi kinachofaa ni nini?

Ni vitu vinne vinavyokwenda pamoja: kubana, kusukuma majimaji kwa mkono, mazoezi, na kutunza ngozi. Hakuna dawa ya kumeza inayochukua nafasi yake. Limfedema ikishakaa haiondoki kabisa, lakini hupungua na kutulia, na mtu akaendelea na maisha yake.

Kubana ndiyo nguzo. Mkono ukiwa umevimba sana, mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, huufunga kwa bendeji za tabaka kadhaa, zisizovutika sana, kwa wiki chache hadi upungue. Kisha unapewa soksi ya mkono, yaani vazi la kuubana mkono, ya kuvaa mchana. Bendeji lazima ibane zaidi kwenye kiganja na kulegea kidogo kidogo kuelekea kwapani. Ile ya kuvutika inayouzwa kemisti, ukiizungusha mwenyewe na kuikaza juu ya kiwiko, itafanya kazi ya kamba: kiganja kitavimba kama andazi. Vidole vikibadilika rangi, vikifa ganzi au kuuma, fungua mara moja.

Kusukuma majimaji kwa mkono hufundishwa na mtaalamu, lakini ukijua mantiki yake hutakosea njia. Huanzi mkono uliovimba. Unaanza mbele, ambako majimaji yataenda: pumua kwa tumbo mara tano, polepole. Gusa juu ya mitulinga, pande zote za shingo, ukivuta ngozi kwa vidole bapa kisha kuiachia. Nenda kwapa la upande usiopasuliwa. Kisha vuta ngozi ya kifua kutoka upande uliopasuliwa kuelekea upande usiopasuliwa, halafu ubavu kuelekea kinena. Ndipo uje mkono wa juu, kisha chini ya kiwiko, kiganja mwisho, na urudi tena hadi begani. Usipake mafuta, maana unachotaka ni ngozi isogee. Vidole vikiteleza juu yake hakuna kilichofanyika. Ukiona ngozi imekuwa nyekundu, umetumia nguvu kupita kiasi. Mwenye homa, maambukizi ya mkono, damu iliyoganda au ugonjwa wa moyo asifanye kabla ya kumwona daktari.

Nauza samaki soko la Kibuye, Kisumu, na nyumbani kuna maji ya kubeba. Niache kazi?

Usiache. Misuli inapokaza na kulegea ndiyo inayosukuma limfu, kwa hiyo mkono unaolazwa siku nzima kwenye leso shingoni huvimba zaidi, na zaidi ya hayo bega hukakamaa. Zamani hata madaktari walikataza kunyanyua vitu. Mwaka 2009 utafiti wa Marekani uliofuata wanawake wenye limfedema ulionyesha kwamba walionyanyua vyuma mara mbili kwa wiki, wakianza na uzito mdogo na kuvaa soksi ya mkono, hawakuvimba zaidi ya wenzao, na walipata nguvu.

Neno zito hapo ni kuanza na uzito mdogo. Hutoki kwenye upasuaji ukaenda moja kwa moja kwenye jerikeni ya lita 20. Anza na ya lita 3 au 5, siku chache, uone mkono unasemaje jioni, ukitulia, ongeza. Ukijaa, rudi nyuma. Kila siku kunja ngumi na kuikunjua, kunja kiwiko, zungusha mabega, tembeza vidole ukutani mpaka pale bega linapofika. Kufua na kuchota kwa mikono miwili, ukipumzika katikati, pia ni mazoezi.

Hatari kubwa ya muuza samaki ni miiba kuliko uzito. Mapezi ya ngege na mbuta huchoma ndani kabisa, na maji ya samaki hayana usafi. Vaa glavu nene upande huo, au kisu kishikwe na mkono huo na samaki ashikwe na mwingine. Ukichomwa, osha palepale kwa maji safi na sabuni, paka dawa ya kidonda, na uangalie siku mbili tatu zinazofuata. Anayelima avae glavu. Anayesonga ugali kwenye jiko la makaa ajifunge kitambaa kikavu, mvuke na cheche visimpate. Jioni osha mkono, kausha hata katikati ya vidole, paka mafuta ngozi isipasuke. Usiku lala ndani ya neti: ukiumwa na mbu utakuna, na kukuna huacha vidonda.

Wapime presha na kunidunga sindano mkono upi?

Mkono wa upande usiopasuliwa, ikiwezekana. Lakini usikatae matibabu kwa hofu. Ushahidi kwamba kupimwa presha au kutolewa damu mara moja huleta uvimbe ni hafifu. Katika dharura, daktari atumie mkono anaoupata.

Mkono umekuwa mwekundu, wa moto, na ninatetemeka.

Acha kusoma, nenda hospitali leo. Hayo ni maambukizi ya ngozi na yanaweza kuingia kwenye damu kwa saa chache. Yanataka antibiotiki kamili, wala si vidonge viwili vya kununua dukani. Mwambie daktari kwamba uliondolewa tezi za kwapani. Vua soksi na usisukume majimaji kwa mkono mpaka homa iishe na mtaalamu akuruhusu. Kila maambukizi huharibu mishipa zaidi, kwa hiyo yakirudi mara kwa mara uliza kuhusu dawa ya kuyazuia.

Jirani alinipa dawa zake za kukojoza, za presha. Na chakula?

Rudisha dawa. Hupunguza maji ya mwili mzima lakini protini inabaki mkononi na kuyavuta tena. Chakula maalumu hakuna. Kula kawaida, kunywa maji, na kama una uzito mkubwa, kuupunguza hata kidogo husaidia kweli.

Soksi ya mkono naipata wapi, na joto hili la Kisumu?

Anzia idara ya fiziotherapia ya hospitali ya rufaa: Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wakazi wa Kisumu bado huiita Russia, au hospitali za rufaa za Kakamega, Eldoret na Nakuru. Si kila mtaalamu wa viungo amefunzwa limfedema, kwa hiyo uliza wazi: nani hapa anafunga bendeji za limfedema? Uliza pia mapema kama SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024, italipia chochote, ili usishtukie bili.

Soksi hupimwa wakati uvimbe umepungua, kwa tepu, mahali pengi. Usiazime ya mtu wala kununua kwa kukisia. Ivae asubuhi kabla ya kazi na uivue usiku, isipokuwa umeambiwa vingine. Joto ni kero, sitaficha. Wengi huivua saa nane mchana na jioni mkono unawalipa. Inyunyizie maji kidogo, kaa kivulini, uwe na mbili ili moja ifuliwe. Baada ya miezi 6 hivi hulegea na inabidi ibadilishwe.

Mke wangu hapa Nakuru haendi tena kanisani. Anaficha mkono kwenye leso hata nyumbani. Nifanyeje?

Jifunze kupima na kufunga bendeji. Kujifunga kwa mkono mmoja ni kazi ngumu, na wengi huacha kwa sababu hiyo, wala si uvivu. Nenda naye kliniki, mtaalamu akuonyeshe na wewe. Kuhusu kanisa, fundi anaweza kumshonea gauni lenye mikono mipana, lakini mwulize kwanza anataka nini. Pengine mkono si jambo pekee linalomweka nyumbani, na hospitali nyingi za saratani zina mshauri wa kuzungumza naye.

Mimi ni mguu, baada ya upasuaji wa saratani ya kizazi.

Tezi za nyonga na kinena zikiondolewa au kupigwa mionzi, mguu huvimba kwa sababu ileile na hutunzwa vivyo hivyo: soksi ya kubana iliyopimwa, kutembea, kuinua mguu ukikaa, na ngozi safi. Vaa viatu vilivyofunika hata uani. Kagua nyayo na katikati ya vidole kila jioni, kwa funza, ukungu na mipasuko. Mahali usipoona, mtoto aangalie. Kama mguu umevimba na hujawahi kupasuliwa wala kupigwa mionzi, usianze na soksi: moyo, figo, damu iliyoganda na saratani ya Kaposi huvimbisha miguu pia, na kila moja ina tiba yake.